Mtoto mwenye ugonjwa wa ngozi: ni lini apelekwe kwa mtaalamu?

Neno upele limebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu. Mama akiingia zahanati na kusema kwamba mtoto wake ana upele, huenda anamaanisha ule ugonjwa wa vidudu vinavyochimba ngozi, au vijipele vya joto shingoni, au choa, au surua inayoanza, au baka ambalo limekuwapo mgongoni tangu mtoto azaliwe. Muuguzi naye, akiwa na foleni ndefu mlangoni, huandika neno hilo hilo kitabuni na kutoa mafuta yaliyopo rafuni. Mtoto akipona, vyema. Asipopona hurudi na kupewa mafuta mengine. Mara ya tatu ama huambiwa aende hospitali kuu, ama mzazi huchoka na kwenda kujinunulia krimu dukani.

Makala ya wiki hii inahusu uamuzi huo wa kumtuma mtoto mbele: nani apelekwe kwa daktari wa ngozi, nani asisumbuliwe na safari hiyo, na nani asingoje hata foleni ya daktari wa ngozi kwa sababu hali yake ni ya dharura. Mimi si mtaalamu wa ngozi. Ni daktari wa magonjwa ya kila aina, na karibu kila siku ya kazi huletewa watoto wenye matatizo haya kabla hawajaonwa na daktari mwingine. Kuamua ni kazi yetu sisi tulio ngazi za chini, na tukiamua ovyo anayelipa ni mtoto na wazazi wake.

Malipo hayo si maneno matupu. Madaktari bingwa wa ngozi nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na katika miji mingine mikubwa. Mzazi wa Marsabit anayeambiwa "nenda Kenyatta" ana safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda tu, nauli, mahali pa kulala, na siku kadhaa za kazi zilizopotea. Pengine ameuza mbuzi. Akifika na kuelezwa kwamba mtoto ana upele wa kawaida ambao dawa yake ingepatikana karibu na nyumbani, hatakubali kutumwa tena hata siku ambayo kutakuwa na jambo zito. Kwa upande wa pili, mtoto aliyestahili kwenda lakini akabakishwa nyumbani anaweza kupoteza jicho, nguvu za vidole, au nywele za sehemu ya kichwa maisha yake yote.

Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba kati ya zahanati ya kijiji na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kuna ngazi nyingine. Kuna hospitali za kaunti ndogo na hospitali za rufaa za kaunti, na katika baadhi yake wapo maafisa wa kliniki waliosomea magonjwa ya ngozi. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoko Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafunza wahudumu wa aina hii kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Kwa hivyo mtaalamu si lazima awe profesa wa jiji kuu. Mkuu wa zahanati anayejua nani katika kaunti yake anashughulikia ngozi, na kliniki hiyo hufanywa siku gani ya wiki, amewaokolea watu wake pesa nyingi. Siku hiyo na iandikwe ukutani, pale mahali panapobandikwa ratiba ya chanjo.

Wasiongoje daktari wa ngozi

Ngozi mara nyingine huwa ni dirisha tu, na ugonjwa wenyewe uko ndani ya mwili. Kwa sababu hii, kabla ya kuangalia vipele mwangalie mtoto. Je, ananyonya au kunywa? Je, anatapika kila kitu anachopewa? Amepata degedege? Amelegea, au ni vigumu kumwamsha? Mtoto mwenye dalili moja kati ya hizi apelekwe hospitali yenye wodi ya watoto siku hiyo hiyo, hata kama ana vipele vitatu pekee. Asipangiwe kliniki ya ngozi ya wiki ijayo.

Ipo hali nyingine inayoua upesi. Mtoto ana homa, na mwilini mwake kumetokea vidoadoa au mabaka ya rangi ya zambarau au nyeusi ambayo hayafifii unapoyabonyeza kwa kioo cha bilauri. Hiyo ni damu inayovuja chini ya ngozi, na inaweza kuwa dalili ya vijidudu vilivyoingia katika damu au kwenye utando wa ubongo. Kwa mtoto mweusi sana vidoa hivyo huonekana vizuri zaidi viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kwenye kaakaa la mdomo. Hapa muda huhesabiwa kwa saa.

Vipele vinavyotokea baada ya mtoto kuanza dawa vinahitaji kuangaliwa mdomo na macho. Dawa nyingi huleta vipele vya kawaida ambavyo hupotea dawa ikiachwa. Lakini ngozi ikianza kuuma, ikitoa malengelenge na kubambuka, na midomo, macho au sehemu za siri zikawa na vidonda, hilo ni jambo la kulazwa hospitalini mara moja. Dawa zinazojulikana zaidi kwa kuleta madhara haya ni zile zenye salfa, baadhi ya dawa za kifafa, na nevirapini ambayo hutumiwa dhidi ya virusi vya Ukimwi. Dawa inayoshukiwa isimamishwe mara moja chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya, na pakiti yake iende pamoja na mtoto. Nimeona pakiti ikitupwa kwa hasira, na waliompokea mtoto wakabaki kubahatisha.

Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja ana sheria zake. Vijipele vidogo vyenye uwekundu kuzunguka, vinavyotokea siku za kwanza kwa mtoto anayenyonya vizuri na asiye na homa, kwa kawaida hupotea vyenyewe. Lakini malengelenge yaliyokusanyika pamoja, usaha unaoenea, au ngozi iliyovimba na kuwa na joto kuzunguka kitovu si mambo ya kupaka mafuta na kungoja.

Mtoto aliyevimba miguu, mwenye nywele nyepesi zilizobadilika rangi na ngozi inayobambuka kama rangi ya ukuta mkuukuu, ana utapiamlo mkali. Daktari wa ngozi hana la kumfanyia. Anahitaji wodi na chakula cha tiba, na kumtuma kwenye kliniki ya ngozi ni kumpotezea siku ambazo hana.

Surua nayo ni ya kutangazwa kwa maafisa wa afya ya umma, si ya kupigiwa foleni pamoja na watoto wengine. Hali kadhalika mpox, ambayo kisa chake cha kwanza kilithibitishwa nchini Julai 2024: mtoto mwenye homa, tezi zilizovimba na malengelenge magumu yaliyo hata viganjani na nyayoni atengwe kwanza, kisha zahanati ipige simu.

Tusisome ngozi nyeusi kwa macho ya vitabu vya kigeni

Vitabu vingi tulivyosomea vilikuwa na picha za watoto weupe. Vinasema ngozi iliyowaka huwa nyekundu. Kwa watoto wetu mara nyingi huwa ya zambarau, ya kijivu, au nyeusi zaidi kuliko ngozi iliyo karibu, na pumu ya ngozi hutokea kama vinundu vidogo vidogo vinavyokwaruza kiganja unapopapasa. Mhudumu anayetafuta wekundu atasema ugonjwa ni mdogo ilhali mtoto halali usiku. Ni heri apapase kama kuna joto, uvimbe na ukavu, na aulize habari za usingizi.

Aidha, ugonjwa ukishapona huacha alama nyeusi au nyeupe kwa wiki au miezi. Wazazi wengi huona alama hizo na kudhani dawa haijafanya kazi, wakatafuta kali zaidi. Mtoto asiyewashwa tena, ambaye ngozi yake imekuwa laini, amepona. Rangi itarudi polepole.

Wanaoweza kutibiwa karibu na nyumbani

Upele wenyewe, yaani ule wa vidudu, ndio unaojaza kliniki bila sababu. Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mnamo 2017, na kusahauliwa ndilo neno lake hasa. Mwasho huzidi usiku. Vijipele huwa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga huwa hata viganjani, nyayoni na kichwani. Na karibu kila mara kuna mtu mwingine nyumbani anayejikuna.

Tiba hushindwa kwa sababu moja kubwa: hutibiwa mtoto mmoja katika nyumba ya watu saba. Wote wanaolala nyumba hiyo wapakwe dawa usiku mmoja, wanaowashwa na wasiowashwa, baba akiwemo, hata akisema yeye hana kitu. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha pia, na huachwa usiku kucha kisha kuoshwa. Kwa watoto wadogo hupakwa na kichwani, ila si karibu na macho na mdomo. Hurudiwa baada ya wiki moja hivi. Mtoto wa chini ya miezi miwili hupewa dawa nyingine ambayo muuguzi ataichagua. Nguo na mashuka ya siku zile yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani, na kisichofulika kifungwe kwenye mfuko kwa siku kadhaa, maana mdudu huyu hawezi kuishi muda mrefu mbali na mwili wa binadamu.

Kisha lazima mzazi aambiwe kwamba mwasho unaweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne hata baada ya vidudu vyote kufa. Asipoambiwa atarudi siku ya tano, na daktari mwenye haraka atamwandikia barua ya kwenda hospitali kuu. Anayestahili barua hiyo ni mtoto ambaye nyumba yake yote ilitibiwa ipasavyo mara mbili na bado anatokwa na vijipele vipya, au mwenye magaga mazito yanayofunika mikono na mwili. Huyu wa pili apimwe pia kama kinga yake ya mwili imepungua.

Vidonda vya usaha vyenye ukoko wa rangi ya asali, vinavyotokea kuzunguka pua na mdomo au juu ya sehemu zilizokunwa, hutibiwa kwa usafi na viuavijasumu. Mzazi aelezwe jambo moja tu zaidi: mtoto akivimba uso au akikojoa mkojo wa rangi ya chai ya strungi katika wiki zinazofuata, arudi upesi sana, kwa maana figo zimeguswa.

Choa ya mwilini hupona kwa krimu ya kuvu. Choa ya kichwani, yaani mapunye, haiponi kwa krimu hata ukipaka mwaka mzima, kwa sababu kuvu limeingia ndani ya mizizi ya nywele ambako krimu haifiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Griseofulvini hutolewa kwa muda wa wiki sita hadi nane kulingana na uzito wake, na hufyonzwa vyema zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Dawa hii yaweza kuanzishwa na kituo cha afya.

Lakini mapunye yana sura moja inayodanganya. Sehemu ya kichwa huvimba, huwa laini kama andazi lililolowa, hutoa usaha na nywele hung'oka bila maumivu. Kila mtu huona jipu. Mtoto mmoja wa miaka sita aliletwa kwangu akiwa na kovu kubwa kichwani ambalo halitaota nywele tena. Alikuwa amepasuliwa mara mbili mahali pengine, na mara zote mbili hakukutoka usaha wa maana. Lilikuwa ni kuvu. Uvimbe wa aina hiyo usipasuliwe. Mtoto aanzishiwe dawa ya kumeza na aonwe na anayejua ngozi ndani ya siku chache, kwa sababu kila siku inayopita ni nywele zinazopotea.

Krimu ya dukani

Sasa tufikie jambo ambalo, kwa maoni yangu, limeharibu ngozi za watoto wengi. Katika maduka mengi ya dawa huuzwa krimu ambayo ndani yake mna dawa tatu: moja ya kuvu, moja ya bakteria, na steroidi kali. Hununuliwa bila karatasi ya daktari. Husifiwa sana, kwa sababu siku ya tatu mwasho umeisha na mtoto amelala. Steroidi ndiyo imetuliza moto, lakini kama chanzo kilikuwa kuvu, kuvu linaendelea kuenea chini kwa chini likiwa limepoteza ule mviringo wake tuliozoea kuutambua. Krimu ikikoma, moto hurudi kwa nguvu. Mama hununua mrija wa pili, wa tatu, wa nne.

Baada ya miezi ngozi ya uso huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, rangi hupauka na vijipele huzunguka mdomo. Kwa mtoto mchanga anayepakwa sehemu kubwa ya mwili, dawa huingia katika damu na kuzuia mwili kutengeneza homoni zake, na mtoto hunenepa uso huku akidumaa. Wapo pia wanaowapaka watoto krimu za kujichubua za mama, wakitaka rangi ya ngozi iwe sawa. Hayo ni mambo ya kuelezwa bila kumfokea mzazi, la sivyo atayaficha, na mtaalamu atakayempokea mtoto atahangaika na ugonjwa ambao sura yake imebadilishwa na dawa isiyotajwa.

Mtoto aliyetumia krimu hizi kwa majuma mengi apelekwe. Asikatize ghafla kwa amri ya jirani ikiwa alikuwa akipakwa mwili mzima, aonwe kwanza. Na mirija yote, hata iliyokwisha, iwekwe kwenye mfuko na iende naye.

Simaanishi kwamba steroidi ni sumu. Katika pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, ndiyo dawa yenyewe, na hofu ya kupindukia huwaacha watoto wakiteseka bure. Haidrokotisoni ya asilimia 1 hutosha kwa uso na kwa ugonjwa mdogo. Kipimo chake hakihitaji mizani: krimu iliyokamuliwa kutoka kwenye kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada cha mtu mzima hadi ncha yake ni kama nusu gramu, nayo hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yapakwe mara nyingi kwa siku, hasa mara tu baada ya kuoga. Hii ndiyo nusu kubwa ya tiba, na ndiyo hupuuzwa kwa kuwa ni rahisi.

Mtoto wa pumu ya ngozi aende mbele ikiwa amefanyiwa haya yote ipasavyo kwa wiki mbili na bado halali, au hakui, au anakosa shule, au ugonjwa unarudi kila dawa inapopunguzwa. Akitokwa ghafla na vilengelenge vingi vyenye maumivu na vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, pamoja na homa, huenda ameambukizwa virusi vya malengelenge ya mdomo. Huyo ni wa siku hiyo hiyo.

Baka lisilohisi

Mtoto wa shule ana baka mgongoni mwa mkono. Limepauka kidogo, haliwashi, haliumi. Amepakwa dawa ya choa miezi sita bila mafanikio yoyote. Kabla ya kuandika mrija mwingine, mhudumu achukue uzi wa pamba, amwonyeshe mtoto jinsi ya kuonyesha kwa kidole mahali alipoguswa, kisha amwambie afumbe macho. Mtoto akigusa kila mahali isipokuwa kwenye baka, ni ukoma mpaka ithibitishwe vingine.

Wengi hudhani ukoma uliisha nchini. Ni kweli umepungua sana, na Alupe kule Busia, ambako watu walikuwa wakitengwa kwa ajili yake, leo pana hospitali ya kawaida na hata chuo kikuu. Hata hivyo visa vipya bado hupatikana, hasa Pwani na Magharibi. Ukoma kwa mtoto una maana zaidi ya mtoto mwenyewe: kuna mtu mzima karibu naye ambaye ana ugonjwa huo na hajatibiwa, na pengine hajui. Kwa hivyo wote wa nyumba hiyo wachunguzwe. Dawa ni za bure, humezwa miezi sita au kumi na miwili, na mtoto anaendelea na shule. Anayechelewa ndiye hupinda vidole. Katika makala yote haya, ikiwa kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila zahanati ikifanye kuanzia kesho, ni hiki cha uzi wa pamba.

Alama za kuzaliwa

Mabaka ya buluu makalioni na mgongoni mwa watoto wachanga si ya kupigwa wala si ugonjwa. Yaandikwe tu kwenye kitabu cha kliniki, ili baadaye asije mtu akamshutumu mzazi.

Alama nyekundu zinazoinuka kama tunda la forosadi ni jambo jingine. Hutokea wiki za kwanza, na kasi yake kubwa ya kukua huwa kati ya wiki ya tano na ya saba. Nyingi hunywea zenyewe kwa miaka. Zilizo karibu na jicho, puani, midomoni, kidevuni, au zinazofanya vidonda, au zikiwa tano na zaidi, zisingojewe. Mnamo 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waligundua kwamba propranololi, dawa ya zamani ya moyo, huzinywesha. Lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikianzishwa mapema, na lazima ianzishwe na anayeijua. Mtoto akifikishwa akiwa na mwaka mmoja, kope imekwisha kufunika jicho lililokuwa likijifunza kuona.

Mtoto mwenye ualbino apelekwe mara tu anapozaliwa, ngozi yake ikiwa bado safi, kwa daktari wa ngozi na wa macho pia. Wazazi wanahitaji kufundishwa kuhusu kofia, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua kabla jua halijafanya kazi yake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa mafuta hayo bila malipo, na mtoto huhitaji kusajiliwa. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kwenye uso, sikio au mkono wa mtu mwenye ualbino kisifungwe bandeji tena na tena. Kikatwe kipande kidogo na kupimwa kama kuna saratani.

Barua

Nimepata kuona barua ya rufaa yenye maneno matatu: "Ngozi. Tafadhali msaidie." Aliyeipokea alianza upya kabisa. Barua nzuri hueleza ugonjwa ulianza lini na mahali gani mwilini, umeenea vipi, unawasha au unauma, na nani mwingine nyumbani anao. Huandika uzito wa mtoto, chanjo alizopata, dawa zote alizotumia zikiwemo za dukani na za mitishamba, kila moja kwa muda gani na ikaleta mabadiliko gani. Kama mtoto amepimwa virusi vya Ukimwi, matokeo yawekwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Kama ana mkanda wa jeshi, au vinundu vingi usoni visivyoisha, na hajapimwa, apimwe kabla ya safari. La muhimu kuliko yote ni swali: unataka mtaalamu akujibu nini? Je, ni ugonjwa gani? Au unaujua ugonjwa, na dawa uliyo nayo imeshindwa?

Mara nyingine swali hilo laweza kujibiwa bila safari. Picha ya simu iliyopigwa mchana karibu na dirisha, bila mwangaza wa simu, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha sehemu nzima ya mwili, pamoja na sarafu kando ya kidonda ili ukubwa ujulikane, humtosha mtaalamu kuamua kama mtoto aje kesho, mwezi ujao, au asije kabisa. Mzazi aombwe ruhusa kwanza. Uso usionekane ikiwa ugonjwa hauko usoni, na picha iende kwa mtu mmoja anayehusika, si kwenye kundi la simu la watu hamsini. Tena mzazi apige picha zake mwenyewe siku ugonjwa unapochacha, kwa sababu magonjwa mengi ya ngozi yana tabia ya kupoa asubuhi ile ya kliniki.

Kabla ya kuondoka, mzazi ahakikishe kwamba familia imesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kwamba jina la mtoto limo katika orodha ya wanaomtegemea. Wapo waliorudishwa dirishani kwa sababu mtoto wa pili hakuandikwa. Akishaonwa, asitoke chumbani bila karatasi ya kurudi nayo zahanati, yenye jina la ugonjwa, dawa, muda wake, na ishara za kumrudisha mbele. Wenzangu wa hospitali kubwa huniudhi hapa: humtibu mtoto vizuri, kisha humwachilia na kijikaratasi cha dawa pekee. Zahanati haijui kama griseofulvini iendelee wiki mbili au sita zaidi, na mama aliyetoka mbali hulazimika kupanda basi tena ili akaulize swali ambalo lingejibiwa kwa mistari miwili.